Kisanduku cha Sita

Mhandisi alikuwa amepanda ngazi kwa mara ya nne asubuhi hiyo, kichwa chote kimezama ndani ya dari, na foleni nzima ya abiria ilikuwa imesahau kusogea kwa kuitazama miguu yake. Bi Birika naye aliitazama kupitia dirisha lake dogo huku akimimina chai. Hakumwaga hata tone. Miaka saba ya kazi ilikuwa imeufunza mkono wake kumimina wenyewe, macho yakabaki huru kufuatilia habari za watu.

"Leo anatafuta nini tena?" alimuuliza mpagazi aliyekuwa akikipuliza kikombe chake.

Mpagazi alisema ni kisanduku. Alikuwa amesikia kwa masikio yake mwenyewe: kwenye ramani ya Ukumbi wa Tatu imeandikwa visanduku sita vya kupima joto bila kuonyesha vilipo, na yule binti mhandisi amevipata vitano. Cha sita hakionekani popote, ila kila siku kinatuma habari zake ofisini vizuri kabisa, kama mume aliyetoroka nyumbani lakini hakosi kupiga simu. Bi Birika alicheka, akamwongezea maziwa.

Afadhali lisemwe mapema kwamba Ukumbi wa Tatu ulikuwa na baridi isiyo na adabu. Nje ya milango ya vioo jua lilikuwa likilainisha lami, na ndani wahudumu wa kaunta walivaa sweta juu ya sare na soksi mbili mbili. Abiria walioingia wakijipepea kwa pasipoti waliishia kufungua masanduku palepale kwenye foleni, wakitafuta chochote cha kujifunika. Wengine walijifunga taulo. Kumbi nyingine za uwanja ule mkubwa wa ndege hazikuwa hivyo. Ilikuwa hii tu, na watu walishaulizana sababu mpaka wakachoka kuulizana.

Aliyeneemeka na baridi hiyo, tuseme kweli, alikuwa Bi Birika. Mtu aliyetetemeka tangu alfajiri hanywi kikombe kimoja. Wapagazi walikuwa na zamu yao, wafagiaji yao, na wahudumu wa kaunta walituma mwenzao mmoja aje na sinia. Wala hakuwa yeye peke yake. Nyumbani, mama yake mzazi, ajuza mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, aliwafumia wafanyakazi hao sweta: za buluu kwa watu wa kaunta, za kijivu kwa wapagazi. Baridi ya Ukumbi wa Tatu ilikuwa imeipaka rangi nyumba yao na kuweka vioo madirishani. Bi Birika aliishukuru katika sala zake bila kuona haya.

Lakini mwaka huo uwanja ulikuwa umeapa kupunguza umeme na moshi. Ubao mkubwa uliwekwa penye mlango wa wafanyakazi, kila ukumbi na mstari wake. Taa zilibadilishwa zote. Ndege zilizoegeshwa zilichomekewa nyaya nene kutoka ardhini ili marubani wazime ile injini ndogo ya mkiani, inayofuka moshi mchana kutwa huku ndege imesimama tu. Magari ya kuvuta mizigo yakaanza kutumia betri. Mistari yote ubaoni ilishuka wiki baada ya wiki, isipokuwa mmoja. Mitambo ya kupoza hewa ya Ukumbi wa Tatu ilikimbia kwa nguvu zake zote kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na ubao ukaiambia dunia nzima.

Lawama ikatafuta mtu wa kukaa naye, ikamkuta Shemeji.

Shemeji alikuwa mdogo wa marehemu mumewe Bi Birika, na kazi yake ilikuwa kutunza chumba cha mitambo. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye maneno mengi, na tangu kaka yake alipofariki hakuwahi kuipita nyumba ya shemejiye bila kubisha hodi. Mvua ilipoezua bati zao, ndiye aliyekuwa juu ya paa kabla haijakatika. Siku hiyo alikuja dirishani bila utani wowote, akaweka barua juu ya ubao wa vikombe.

"Soma mwenyewe, shemeji. Ijumaa saa nne nafika mbele ya meneja."

"Umefanya nini?"

"Wanasema kisanduku cha sita nimekificha mimi. Eti nimekiweka mahali pa moto ili mitambo isipumzike. Kompyuta yao inaambiwa ukumbi una joto la nyuzi thelathini na mbili. Thelathini na mbili, na mimi nimesimama hapa meno yanagongana!"

"Kwa nini wasikikate tu hicho kisanduku?"

"Mitambo ile ya kizee. Kikikosekana kimoja kati ya sita, inagoma kabisa. Na wananishuku mimi kwa kuwa funguo za chumba ninazo peke yangu." Alikunywa chai yake yote kwa mkupuo mmoja, ikamchoma, akajikaza kiume. "Ni sawa. Nikifukuzwa nitakuja kukuoshea vikombe."

"Ukivunja nitakukata masikio," alijibu Bi Birika, na wote wawili walicheka kidogo. Lakini alipomwona akiondoka mabega yameshuka, moyo ulimuuma, akaanza kumchukia huyo aliyekificha kisanduku, yeyote awaye. Alimwombea kabisa mambo mabaya mawili matatu.

Alhamisi mchana mhandisi alishuka kwenye ngazi yake, nywele zimejaa vumbi la dari, akaja dirishani kuomba chai. Alikuwa binti mchangamfu, mwenye kusalimia wakubwa na kupokea kikombe kwa mikono miwili. Bi Birika alimpenda tangu siku ya kwanza. Binti alikunjua karatasi yenye mchoro wa mstari, akawaonyesha wanywaji waliokuwa wamesimama pale, kwa sababu, alivyosema, ramani imeshamshinda na sasa anawategemea wenye macho. Mstari ulipanda kila siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi na kushuka kuanzia saa tisa alasiri. Siku zote, ila moja. Jumanne ya wiki iliyopita mstari ulikuwa umelala chini tangu asubuhi mpaka jioni.

"Jumanne ile kulitokea nini humu ndani?" aliuliza. "Chochote. Hata kidogo namna gani."

Watu walifikiri. Mmoja alisema kuna ndege ilichelewa. Mwingine alikumbuka mtoto aliyetapika karibu na kaunta ya pili.

"Jumanne?" alisema mpagazi. "Siku mbaya sana ile. Hatukunywa chai. Bi Birika alimpeleka mama yake hospitali ya macho."

"Kweli," alidakia mhudumu wa kaunta. "Afadhali hata hakukuwa na baridi sana."

Walicheka, mazungumzo yakahamia kwenye macho ya wazee na bei za miwani. Bi Birika hakucheka. Birika lilikuwa mkononi mwake, linafuka, naye alihisi ubaridi ukimpanda mgongoni ambao haukutoka kwenye mitambo. Pole pole aliinua macho.

Juu ya jiko lake la umeme, kadiri ya mkono ulionyooshwa, palikuwa na kitu cheupe ukutani, ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye matundu madogo pembeni. Alikuwa akikifuta kila alasiri kabla ya kufunga, kwa sababu mvuke ulikichafua. Siku zote alikidhania kengele ya mlango ya zamani. Kando yake alikuwa amepigilia msumari wa kutundikia kichujio.

Na ule haukuwa ukuta. Ilikuwa nguzo. Msimamizi wa ukumbi aliyeshastaafu ndiye aliyempa kona ile, kwa mdomo tu, bila karatasi, kwa kuwa palikuwa na soketi ya umeme; akamwita seremala azungushie mbao kuificha nguzo na kuacha dirisha moja. Kijichumba hicho hakikuwamo kwenye ramani yoyote. Mhandisi alikuwa ameupitisha mkono wake dirishani mara thelathini kupokea chai, na kile alichokitafuta darini kilikuwa hatua mbili kutoka kwenye pua yake.

Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema. Hawasemi ufanye nini siku utakapogundua kwamba anayewala wenzako ni wewe. Bi Birika aliipanga hesabu yote kichwani huku akifuta vikombe vilivyokwisha kufutwa. Jiko lilikipasha moto kisanduku. Kisanduku kilipiga kelele kwamba ukumbi unaungua. Mitambo ilimwaga baridi, baridi ikaleta wanywaji, na kwa ajili ya wanywaji yeye akaongeza jiko la pili. Alitaka kucheka, akaona machozi yanakaribia. Yale mambo mabaya mawili matatu aliyomwombea mwenye kosa aliyafuta haraka moyoni.

Angesema, kona ingekwenda. Hilo hakuwa na shaka nalo. Kona isiyo na karatasi haina mtetezi. Na hata kama wangemwachia, nani angekunywa chai vikombe vitatu katika ukumbi wenye joto la kawaida? Asingesema, hakuna ambaye angejua. Angeweza kulisogeza jiko kidogo, leo hatua moja, kesho nusu, baridi ipungue taratibu mpaka watu wadhani mitambo imepona yenyewe. Lakini kesho ilikuwa Ijumaa, na saa nne haingoji hatua moja na nusu.

Nyumbani alimkuta mama yake mlangoni, miwani puani, uzi wa buluu ukikimbia vidoleni. Ajuza alimwambia ana oda tisa na kwamba yule mnene wa kaunta ya tano ameongezeka tena, itabidi mikono ifumuliwe. Bi Birika alijibu ndiyo, ndiyo, akatia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Mama yake alionja, akakiweka kikombe chini, akamtazama juu ya miwani.

"Mama," alisema Bi Birika, "kule ukumbini kukiwa na joto kama kwingine, sweta hizi utamuuzia nani?"

"Simuuzii mtu. Huu ni uzi, mwanangu. Mimi ndiye niliyeuambia uwe sweta. Nikiuambia uwe kofia ya mtoto, utakuwa kofia." Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Haya, sema kilichotia chumvi kwenye chai yangu."

Alimwambia yote. Ajuza alisikiliza mpaka mwisho, kisha alianza kucheka, kicheko cha chinichini kilichomtikisa mabega hadi sindano zikadondoka. Bi Birika alimkasirikia, halafu naye alishindwa kujizuia, wakacheka pamoja mlangoni pale mpaka jirani akachungulia. Walipomaliza, ajuza alijifuta macho, akasema amefurahi kujua kwamba binti yake ana nguvu ya kugandisha ukumbi mzima kwa birika. Habari za kusema au kutosema hakuzigusa kabisa. Hilo lilimuuma Bi Birika kuliko kama angeamriwa.

Ijumaa saa nne kasoro, aliagizwa kupeleka chai ofisini kwa meneja. Ndiyo ilikuwa desturi: kikao chochote kilichokuwa na mtu wa kukaripiwa kilikuwa na chai. Alijaza chupa kubwa mbili, akapanga vikombe kwenye toroli, akalisukuma kupitia ushoroba mrefu. Magurudumu yalilia njia nzima. Alipoingia, Shemeji alikuwa amesimama mbele ya meza, amevaa shati lake la harusi na sikukuu. Mhandisi alikuwa ameketi pembeni na karatasi zake, uso umekosa raha.

Meneja alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, wa aina ile ambayo upole wake unatisha kuliko makelele. Alimuuliza Shemeji kisanduku kiko wapi.

"Ningejua, mkubwa, ningekuletea nimekifunga utepe," alijibu Shemeji. Utani ule ulitoka umenyauka, na hakuna aliyeuokota.

Bi Birika alikuwa akimimina kikombe cha meneja. Mkono ule uliojua kumimina wenyewe ulisahau kusimama, chai ikamwagika kwenye sahani. Aliweka chupa chini, akapiga moyo konde.

"Kisanduku kiko kwangu," alisema.

Meneja aligeuka. "Kwako wapi? Nyumbani?"

"Kwangu ninapopikia. Juu ya jiko. Miaka saba sasa nakipikia chai, nacho kinadhani ukumbi mzima unaungua. Huyu hana kosa. Huyu hata hajui alipoweka funguo zake mwenyewe, sembuse kuficha kitu."

Mhandisi alitazama karatasi, akamtazama yeye, akaitazama tena karatasi. "Jumanne," alisema taratibu.

"Jumanne nilikuwa hospitali na mama."

Binti aliangua kicheko, akauziba mdomo kwa mikono miwili, macho yakabaki yakicheka peke yake. Meneja hakucheka. Aliuliza ni nani aliyeruhusu jiko ndani ya ukumbi wa abiria, na karatasi ya ruhusa iko wapi, na Bi Birika alimjibu ukweli kwamba karatasi haijawahi kuwapo. Kwa sauti ileile ya upole meneja alisema jiko litoke leo hii. Na kwa kuwa ameshasikia hadithi nyingi wiki hiyo, atakwenda kuiona hii kwa macho yake. Mitambo ikitulia, mtunza mitambo atarudi kazini kwake. Isipotulia, wataondoka wote wawili.

Waliandamana kurudi ukumbini, meneja mbele, toroli la chai nyuma. Shemeji alitaka kumsaidia kubeba majiko, Bi Birika akakataa. Aliyachomoa mwenyewe kwenye soketi, akayatoa moja moja nje hadi penye jukwaa la mizigo, akarudi amelowa jasho. Mhandisi aliingia kijichumbani kwa mara ya kwanza, akakiona kisanduku karibu na kichujio, akakigusa kwa kidole kana kwamba kingekimbia tena. Kilikuwa bado cha moto. Alifungua mlango wa mbao ili hewa ipite, akasema wasubiri.

Wakasubiri. Hakuna kazi ngumu kama kusubiri kitu ambacho hakionekani. Habari ilikuwa imeshazunguka kaunta zote, na wapagazi wakajifanya wana mizigo upande ule. Dakika kumi zikapita, kisha kumi nyingine. Meneja alitazama saa yake, akafunga kifungo cha koti. Alikuwa akitetemeka kidogo, naye hakutaka kuonekana.

"Ungenyamaza tu, shemeji," Shemeji alimnong'oneza. "Mimi ningepata kazi nyingine. Wewe kona kama hii utaipata wapi?"

"Sijui."

"Sasa mbona..."

"Niliogopa, tangu jana naogopa," alisema Bi Birika. "Lakini nilikuona siku ile ya barua mabega yameshuka. Sikupenda. Basi."

Shemeji aliutazama ukuta wa mbali, kidevu kikimcheza.

Kwanza hakuna aliyetambua. Palikuwa na mngurumo ndani ya ukumbi ule ambao hakuna mtu aliyewahi kuusikia kwa sababu haukuwahi kukoma katikati ya zamu. Walizungumza juu yake, walibishana juu yake, walitangaza safari juu yake kwa miaka saba. Ulipungua. Ukavuta pumzi moja ndefu kutoka darini. Halafu ukakatika.

Mhudumu wa kaunta ya tano, aliyezoea kupaza sauti, alimuuliza abiria wake, "Unataka dirishani au njiani?" na swali lake likasikika mpaka mlango wa nje. Alijishika mdomo. Ukumbi wote uligeuka kumtazama, kisha watu wakacheka, abiria na wafanyakazi pamoja, na walipomaliza kucheka waliendelea kuzungumza kwa sauti za chini kama watu waliomo nyumbani mwao. Gurudumu la sanduku lilisikika likipita. Mtoto mchanga alipiga chafya. Mhandisi alisoma namba kwenye kifaa chake, akamwonyesha meneja, na meneja akaitikia kwa kichwa mara mbili, akafungua kifungo cha koti.

Shemeji aliketi juu ya toroli la mizigo, akaufunika uso wake kwa kofia ya kazi. Mpagazi mmoja alimpiga piga begani.

Bi Birika alisimama mbele ya kijichumba chake kitupu. Pale yalipokuwa majiko palikuwa na duara mbili nyeusi juu ya meza. Hakujua atakwenda wapi Jumatatu, na alishangaa kuona kwamba kifua chake ni chepesi. Mhudumu wa kaunta ya tano alikuwa anavua sweta, na wa kaunta ya pili naye, na wapagazi wawili. Chupa ya pili ilikuwa bado imejaa, ya moto, na haikuwepo tena sababu ya mtu yeyote kuitaka.

Mkono ulinyooshwa mbele yake, una kikombe. Hakuinua macho kutazama ni wa nani. Alifungua chupa akamimina, na kwa mara ya kwanza ndani ya ukumbi ule aliisikia chai yake ikiingia kikombeni.